Chunjua za ng'ombe: uache, ukate, uchanje au udunge ivermectin?

Kuna swali wafugaji wanaulizana sana huku kwetu Uganda, kuanzia Kiruhura na Lyantonde mpaka Nakasongola: ng'ombe wangu ametoka chunjua, nifanye nini? Na majibu ndo hayo yanamchanganya mtu. Huyu anakwambia wacha zitaanguka zenyewe, yule anakwambia funga uzi, mwingine anasema daktari achukue kipande atengeneze chanjo, na duka la dawa linakutolea chupa ya ivermectin, dawa ya minyoo, kabla hujamaliza kueleza. Na kila mmoja ana ushahidi wake, ameshaona ng'ombe akipona kwa njia yake. Hapo ndo shida ilipo, maanake chunjua nyingi hupona zenyewe, kwa hivo chochote utakachompa ng'ombe kipindi hicho kitaonekana kimefanya kazi.

Nimeandika hii kwa mtu aliyekwama katikati ya hizo njia nne. Sitakwambia moja ndo bora kwa kila mtu, chunjua ya shingoni kwa ndama na chunjua ya chuchu kwa ng'ombe wa maziwa ni mambo mawili tofauti kabisa. Ila ukishaelewa hiki kirusi kinaishi vipi ndani ya ngozi, kuchagua kunakuwa rahisi sana, na ndio maana nitaanza na kirusi kwanza, dawa baadaye.

Kabla ya yote, ni chunjua kweli?

Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu wanakaa na ugonjwa wa mapele ngozi zizini wakidhani ni chunjua. Mapele ngozi huja na homa, ng'ombe anaacha kula, matezi yanavimba, na vile vinundu viko ndani ya ngozi yenyewe, ukishika unasikia kitu kigumu cha duara kimezama, tena vinatoka vingi mwili mzima ndani ya siku chache. Chunjua haina homa. Inakua polepole kwa wiki na miezi, inasimama juu ya ngozi, kavu, ya kijivu au nyeusi, imechanika chanika kama koliflawa, na ng'ombe anakula kama kawaida. Hivi virusi viwili si ndugu hata kidogo, cha mapele ngozi ni cha familia ya ndui na DNA yake ina herufi kama 150,000, cha chunjua kina karibu 7,900 tu. Ukiona homa achana na haya ninayoandika hapa, mpigie daktari wa mifugo wa wilaya leo leo, kwa sababu mapele ngozi inabebwa na wadudu wanaouma na inaweza kupita kijiji kizima.

Kirusi chenyewe

Wataalamu wanakiita BPV, yaani papiloma ya ng'ombe. Ni kidogo mno, kipenyo chake ni kama nanomita 55, hakina utando wa mafuta kwa nje kama virusi vingine, kina ganda gumu tu lililojengwa na protini mbili, L1 ndo nyingi na L2 kidogo. Kukosa ule utando wa mafuta kuna maana kubwa zizini: spiriti unayopangusia sindano inaua virusi kwa kuyeyusha mafuta, sasa hapa hakuna cha kuyeyusha. Kinastahimili kukauka, kinakaa kwenye kamba, kwenye mti wa krashi (kile kichochoro cha kubania ng'ombe), kwenye koleo la kutobolea hereni za masikio. Vifaa vichemshwe kabisa au vilowe kwenye jik ya kufulia, kupangusa peke yake hakutoshi.

Ndani ya ganda kuna DNA ya mviringo yenye maagizo machache. Herufi zote za BPV-1 zilishasomwa na kuchapishwa tangu 1982, kwa hivo hiki si kirusi cha kubahatisha, kinajulikana vizuri kuliko magonjwa mengi tunayopigana nayo. Kinaingia pale ngozi imekwaruzika, kwa sababu kinachotaka ni seli za chini kabisa za ngozi, zile zinazogawanyika kuzaa ngozi mpya. Kikifika pale protini inayoitwa E2 inaichukua ile DNA na kuitundika kwenye kromosomu za ng'ombe, ili seli ikigawanyika kila mtoto apate nakala yake. Hakitengenezi ganda huko chini. L1 na L2 zinatengenezwa seli ikishapanda juu karibu na kufa, pale kwenye gamba kavu, halafu virusi vinadondoka pamoja na magamba.

Tafadhali shika hili, maanake uamuzi wote unatoka hapa. Chini kuna DNA bila ganda, juu kuna ganda tele. Na kwa kuwa kwa kawaida hakisambai kwa damu na hakipasui seli, kinga ya ng'ombe haioni dalili ya hatari mapema. Kuna na protini nyingine, E5, ndogo ajabu, ina amino asidi 44 tu, hiyo inafanya kazi mbili. Inakamata kipokezi cha ukuaji kwenye seli za nyuzi zilizo chini ya ngozi na kukiwasha bila ruhusa, seli zinazaana tu, na pia inazuia zile alama ambazo seli huonyesha nje ili askari wa kinga wajue ndani kuna mgeni. Ndo sababu chunjua inaweza kukaa miezi bila mwili kuigusa, halafu siku kinga ikiamka zinaisha zote karibu kwa pamoja, hata zile ambazo hukuzigusa.

Aina ziko nyingi, zaidi ya 20 zimeshaelezwa, na aina mpya inatambuliwa kwa kusoma jeni la L1, likitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 na yale yanayojulikana basi hiyo ni aina nyingine. BPV-1 na BPV-2 ndo za chunjua kubwa za shingo, kichwa, mabega, na BPV-1 pia inakamata uume wa fahali vijana. Kwenye chuchu unapata BPV-5 zile bapa ndogo kama chembe za mchele, BPV-6 zile zenye nyuzi nyuzi, na nyinginezo. BPV-4 inakaa mdomoni na kooni. Ukiona daktari amepasua chunjua ya shingoni ya BPV-1 au 2 utaelewa: juu gamba la kahawia linalovunjika mkononi, chini yake nyama nyeupe ngumu ya nyuzi, imejaa hadi kwenye shina, na hiyo nyama nyeupe ndo kazi ya E5. Za BPV-4 na 6 hazina ile nyama, ni ngozi ya juu tu.

Watu huuliza pia kama mkamuaji ataambukizwa. Chunjua za ng'ombe hazimpati mtu. Wachinjaji kweli wana chunjua nyingi mikononi, ila zinazochunguzwa zinakutwa na papiloma ya binadamu, hasa HPV-7, ni mambo ya mikono yenye maji na majeraha.

Vigezo ninavyotumia

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale. Inafika wapi, seli za chini au gamba la juu tu? Inafaa chunjua ya umri gani na ya mahali gani? Inagharimu nini kwa pesa na kwa kazi, na nani anaruhusiwa kuifanya? Ina hatari gani kwa ng'ombe, kwa maziwa na kwa wenzake zizini? Na mwisho, inamsaidia huyu mmoja au kundi zima? Hilo la mwisho watu hulisahau, na kwa mfugaji mwenye ndama wengi ndo kubwa kuliko yote.

Kuacha zianguke zenyewe

Hii inafika chini kabisa kuliko njia zote, kwa sababu inayofanya kazi ni kinga ya ng'ombe mwenyewe, chembe za kinga zinaingia hadi kwenye zile seli zilizobeba DNA na kuziondoa. Kwa ndama na mitamba wa chini ya miaka miwili hiyo ndo hali ya kawaida, chunjua zinakua, zinafika kikomo, zinakauka, shina linakuwa jembamba, zinaanguka. Inaweza kuchukua mwezi mmoja, inaweza kufika mwaka. Akishapona, mara nyingi aina ileile haimrudii.

Pesa haitumiki ila kazi ipo. Huyo ng'ombe anamwaga virusi kila anapojikuna kwenye mti, kwa hivo kumwacha maana yake si kumsahau. Mtenge na wadogo kama una nafasi, kamba yake iwe yake, akipita krashi apite wa mwisho, na sindano yake isimguse mwingine. Angalia pia nzi, chunjua ikichubuka wanataga na unapata mabuu ndani, hapo umeshapata kidonda.

Hatari kubwa ni kungoja pale ambapo hapangojeki. Chunjua bapa za chuchuni zile za mchele mara nyingi hazitaki kuondoka, ng'ombe anazaa mara moja, anazaa mara ya pili, bado ziko. Na ng'ombe mzima, wa miaka mitano sita, aliyejaa chunjua mwili mzima na zinazidi tu, huyo kuna kitu kinashusha kinga yake, njaa ya kiangazi, minyoo, kupe na ndigana, dawa za steroidi alizopigwa. Kumwacha huyo bila kutafuta chanzo ni kumwonea.

Inamfaa mwenye ndama wachache wenye chunjua za shingo, uso na mabega, wanakula vizuri, na hawauzwi wiki ijayo. Nadhani hao ndo wafugaji wengi huku. Kuna mzee wa Lyantonde alikuwa na mtamba wa Frizian mchanganyiko, chunjua zimemzunguka jicho na sikio, kisu kiko tayari:

"Daktari, nikate leo nimalize hii kazi."

"Mzee wangu, hii bado changa, ona shina lilivyo nene na damu ilivyojaa. Ukikata sasa hivi inarudi na wenzake. Ipe muda, ikianza kunyauka niite."

"Na jicho je?"

"Jicho bado linafunga vizuri. Siku likishindwa kufunga nije hata usiku."

Daktari hakuitwa usiku. Zilikauka, na nyingi mtamba mwenyewe alizing'oa akijikuna kwenye nguzo.

Kukata au kufunga uzi

Hapa unaondoa unachokiona. Shida ni zile seli za chini pembeni ya shina, zinaonekana ngozi safi kabisa kumbe DNA imeshatundikwa humo. Ngozi ikijeruhiwa seli za chini zinaambiwa zigawanyike haraka kuziba kidonda, na kila zikigawanyika zinazaa nakala za kirusi pia. Ndo maana madaktari wa mifugo hukataza kukata chunjua inayokua bado, ngoja ifike ukubwa wake wa mwisho au ianze kunyauka. Kwa zile zilizokomaa kukata kunasaidia, na wapo wanaoamini kwamba ile damu na uchubukaji unaionjesha kinga L1 ambayo ilikuwa imefichwa kwenye gamba, hiyo naikubali kama inavyowezekana ila usiitegemee.

Mahali ndo panaamua. Yenye shina jembamba inayoning'inia, hiyo ndo ya kufunga uzi au mpira, damu inakatika, baada ya siku kadhaa inakauka na kuanguka. Yenye kitako kipana haifungiki, utaumiza ng'ombe bure. Chuchuni kuna tundu la maziwa karibu na kovu lolote pale ni matatizo ya kukamua maisha yote, kwa hivo chuchu si ya kisu cha nyumbani, ni ya daktari, tena vizuri zaidi ng'ombe akiwa amekaushwa, yaani ameachwa kukamuliwa akingoja kuzaa. Na fahali kijana akipata uvimbe kwenye uume, kawaida wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu wanaopandana pandana, hapo sioni njia nyingine ya haraka, anatoka damu akipanda, anaogopa kupanda tena, na hiyo ni kazi ya ganzi, kushona, na daktari anayejua mrija wa mkojo unapita wapi.

Gharama inategemea: uzi ni bure, daktari na ganzi na antibayotiki ni pesa, na mafuta ya pikipiki yake. Hatari ni damu, pepopunda, nzi, na kueneza, kisu kimoja kwa ng'ombe watatu umeshagawa kirusi. Yale mambo ya kuchoma na maji ya betri tafadhali acheni, asidi haichagui, inakula ngozi nzima hadi nyama, na ngozi ya ng'ombe ikiharibika hata mchinjaji anakupunguzia bei. Kipande kilichokatwa kichomwe au kizikwe, kisitupwe malishoni.

Kwa kundi njia hii haisaidii chochote, ni ya ng'ombe mmoja mwenye chunjua moja au mbili zinazomzuia kuona, kula, kukamuliwa au kupanda.

Chanjo ya chunjua zake mwenyewe

Daktari anakata chunjua kutoka kwa ng'ombe wako, anasaga, anachanganya na maji ya chumvi, anachuja, anaua kirusi kwa formalini, anaongeza antibayotiki, anapima kama ni safi, halafu anadunga chini ya ngozi kwa awamu zaidi ya moja, wiki kati yake. Wazo ni zuri na linatoka moja kwa moja kwenye biolojia: L1 ambayo kinga haikuiona kwa sababu ilikuwa juu kwenye gamba lililokufa, sasa unaipeleka chini ya ngozi ambako askari wamejaa, wanaitambua na kutengeneza kingamwili.

Sasa sikiliza sehemu ambayo haisemwi. Kingamwili za L1 zinakamata kirusi kikiwa na ganda, kabla hakijaingia kwenye seli. Seli za chini zilizokwisha kuambukizwa hazina L1, kwa hivo kingamwili hazina cha kukamata pale. Ndo maana chanjo hii inazuia vizuri kuliko inavyotibu. Ng'ombe mwenye chunjua akichanjwa anaweza kupona, na wengine wanapona, ila hujui kama ni chanjo au wakati wake ulikuwa umefika. Faida ya uhakika zaidi iko kwa wale ambao bado hawajapata, ndama wanaofuata.

Pili, kinga hii ni ya aina ileile. Chanjo iliyosagwa kutoka shingo ya BPV-2 haitamlinda mwingine na BPV-6 ya chuchuni. Kuomba chupa iliyobaki kwa jirani kwa hivo ni bure, na ni hatari pia, kwa sababu ile supu ya nyama ina kila kitu kilichokuwa kwenye ngozi na damu ya ng'ombe wa jirani, formalini ikiwa haikutosha umeingiza magonjwa yake kwako. Tumia ya kundi lako kwa kundi lako, na kama una chunjua za sura tofauti, za shingo na za chuchu, daktari achukue zote. Achukue zile zenye gamba jingi, si ile nyama nyeupe ya ndani wala uvimbe wa uume wa fahali, humo virusi vilivyokamilika ni haba sana kwa hivo L1 haipo ya kutosha.

Gharama yake inaanza juu kisha inashuka, kuandaa ni kazi ileile ukiwa na ndama mmoja au arobaini. Si kazi ya jikoni, formalini inachoma macho na mapafu, ikizidi inaua ngozi pale ulipodunga na ikipungua kirusi kinabaki hai. Daktari wako anaweza kuuliza chuo cha mifugo cha Makerere kuhusu kuandaa na kupima.

Na niseme kitu kinachonigusa hapa. Mwaka 1992 watafiti waliokuwa Marekani, Reinhard Kirnbauer akiwa na Douglas Lowy na John Schiller, walionyesha kwamba L1 ya papiloma ya ng'ombe ikitengenezwa peke yake inajipanga yenyewe kuwa ganda tupu, halina DNA ndani, haliwezi kuambukiza, lakini kinga inalichukulia kama kirusi chenyewe. Huo ndo msingi wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ile inayoletwa na papiloma ya binadamu. Hapa Uganda ilianza kwa majaribio Ibanda na Nakasongola 2008, wilaya za ng'ombe zote mbili, kisha nchi nzima 2015. Mabinti zetu wanapata ganda safi la L1, na ng'ombe waliotoa hilo somo bado tunawasagia nyama. Mtafiti Saveria Campo na wenzake wa Glasgow, Uskoti, walishaonyesha kwa BPV-4 kwamba L2 inakinga na E7, protini inayotengenezwa hadi kwenye seli za chini, inasaidia chunjua kuisha mapema. Njia ipo, natamani sana siku moja ifike kwenye jokofu la daktari wa kaunti ndogo.

Inamfaa mwenye kundi ambalo kila mwaka ndama wanatoka chunjua, na mwenye daktari anayejua kuandaa.

Ivermectin, levamisole, na damu yake mwenyewe

Nimeziweka pamoja kwa sababu zinatolewa hoja moja, eti zinaamsha kinga. Levamisole ni dawa ya minyoo ambayo kweli inagusa kinga, ivermectin ni ya minyoo na wadudu wa ngozi, na ile ya tatu daktari anavuta damu kwenye mshipa wa shingo na kumdunga nayo tena kwenye msuli, mara moja kwa wiki.

Zinafika wapi? Hakuna hata moja inayogusa DNA iliyotundikwa kule chini, wala E2, wala E5. Wapo waliozijaribu kwa ng'ombe na matokeo yanapishana, na mara nyingi hapakuwa na ng'ombe wa kulinganisha walioachwa bila dawa, sasa kwa ugonjwa unaoisha wenyewe utajuaje? Kitu kimoja nakikubali bila shida: ndama mwenye minyoo tele na chawa akisafishwa, hali yake inapanda, na kinga yake inapanda nayo. Hapo dawa ya minyoo imefanya kazi ya minyoo, na chunjua zikaisha kwa sababu mwili umepata nguvu.

Ni rahisi kupata na bei yake mfugaji anaimudu, ndo sababu inapendwa. Hatari iko kwenye maziwa. Ivermectin nyingi za sindano hazitakiwi kabisa kwa ng'ombe anayekamuliwa maziwa ya kunywa, soma lebo, na nyama nayo ina wiki zake za kungoja kabla ya kuchinja. Ukiirudia rudia kwa ajili ya chunjua unafundisha minyoo na kupe kuizoea, na sisi Uganda na kupe sugu tayari tuna mzigo wa kutosha. Damu yake mwenyewe haina mabaki kwenye maziwa, ila uchafu wa sindano unaleta jipu.

Inamfaa ndama ambaye anahitaji dawa ya minyoo hata kama asingekuwa na chunjua.

Sasa kulingana na hali yako

Kama una ndama au mtamba, chunjua ziko shingoni na usoni, anakula vizuri: acha, mtenge, mpe lishe na dawa ya minyoo kama imefika zamu yake, na umwangalie. Ikikaribia kuziba jicho au pua, au ikichubuka kila siku kwenye kamba, ile moja tu iondolewe ikishakomaa, zingine ziache.

Kama ni ng'ombe wa maziwa na ziko chuchuni, angalia kwanza kama anaruka ukimkamua na kama ile ya kwenye ncha inaziba tundu, maanake hapo kititi, ule ugonjwa wa kiwele kuvimba, kiko njiani. Zikiwa za nyuzi nyuzi na hazizuii kitu, ngoja, mkamue wa mwisho, mkamuaji anawe na apake dawa ya chuchu, mafuta ya kukamulia yasichovywe na mkono uliomshika. Zikiwa zinazuia, ongea na daktari kuhusu kukata wakati wa kukaushwa. Akamuliwe kwa upole tu, kupasua chunjua kwa kucha kunazipanda chuchu zingine tatu.

Kama ni fahali na uvimbe uko kwenye uume, muite daktari sasa, msimwachie apande, na fahali vijana watenganishwe wasipandane.

Kama ni kundi zima na kila mwaka inajirudia, tafuta inaingilia wapi kabla hujanunua chochote. Kutoka kuambukizwa mpaka kuonekana ni mwezi mmoja mpaka sita, kwa hivo hesabu kurudi nyuma: mlitia hereni lini, mlikata pembe lini, mlichanja lini na sindano moja ilipita ndama wangapi? Zikiwa zimejipanga kwenye sikio jibu unalo, zikiwa kwenye pua na midomo angalia seng'enge na miiba ya malishoni. Ziba hapo, halafu chanjo ya kundi lako kwa ndama wadogo ina maana.

Kama unataka kuuza mnadani mwezi ujao, hakuna njia ya haraka iliyo salama. Ng'ombe mwenye kidonda kibichi cha chunjua anashuka bei kuliko mwenye chunjua kavu, na mwambie mnunuzi ukweli ili asimchanganye na ndama wake.

Na kama uko milimani, Kigezi au Elgoni, penye kangaga aina ya brakeni kwenye malisho, hapo chunjua si suala la sura tena. Kangaga ina sumu inayoitwa ptakwilosaidi, inaharibu DNA na kushusha kinga, na ikikutana na BPV-2 kwenye kibofu inaleta saratani, ng'ombe anakojoa damu. Glasgow kundi la William Jarrett lilionyesha 1978 jambo la namna hiyohiyo kwa ng'ombe wa Uskoti, kangaga na papiloma ya kooni. Kati ya zile njia nne hakuna itakayokusaidia hapo. Fyeka au lima hiyo kangaga, usiitandike zizini, usiwapeleke ng'ombe kule kiangazi nyasi zikiisha, na anayekojoa damu daktari amwone haraka kwa sababu kuna magonjwa ya kupe yanayotoa mkojo mwekundu pia, na hayo yakiwahiwa yana dawa.